Ubani wa Kariakoo, nauli ya Peru

Jamani, kuna rafiki yangu mmoja, msomi wa shahada mbili, kanionyesha video ya Mzungu aliyefunga safari hadi Peru kunywa ayahuasca. Ni kinywaji kichungu cha mimea ya msituni, kinachonywewa usiku huku mganga akiimba. Eti tiba ya roho. Na Peru wenyewe hawaoni aibu, mwaka 2008 walitangaza elimu hiyo ya wazee wao kuwa urithi wa taifa.

Rafiki yangu kavutiwa kweli. Huyu huyu ndiye anayeziba pua tukipita kwenye meza za dawa pale Kariakoo, penye ubani, udi, mizizi na magome. "Ushirikina huo," huwa anasema.

Mwenzenu nilicheka, halafu nikamkumbuka shangazi.

Shangazi alifiwa na mwanawe, akawa haongei. Hospitali akapewa vidonge, akalala, akiamka kilio ni kile kile. Ukoo ukakaa kikao, akapelekwa kwa mganga upande wa Kisarawe. Nami nikaenda, kwa dharau yangu ya kiandishi. Usiku kucha ngoma! Ubani unafuka, nyungu inachemka, shangazi kafunikwa shuka anajifukiza, na kina mama waliowahi kupungwa wanaitikia nyimbo. Pepo akaulizwa anataka nini. Akajibu kwa kinywa cha shangazi, na yale yote ambayo shangazi hakuthubutu kumwambia mumewe yakamwagika pale. Mumewe amekaa mkekani, anasikiliza, hana pa kukimbilia.

Mimi pepo sikumwona. Nilichoona ni watu wapatao thelathini wamekesha kwa ajili ya mama mmoja. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tunayo tangu 2002, Baraza la kusajili waganga lipo, na Muhimbili kuna taasisi inayochunguza mimea yetu. Safi sana. Ila maabara itapima jani, kule kukesha itakupima vipi?

Msinielewe vibaya. Mwaka 2011 tulimiminika Loliondo kwa kikombe cha shilingi 500 cha Babu Ambilikile Mwasapile, na wapo walioacha dawa za UKIMWI kwa sababu ya kikombe hicho. Na wapiga ramli ndio wameuza uongo uliowaua ndugu zetu albino, hadi serikali ikawapiga marufuku Januari 2015. Kwa hiyo nikisikia mganga siku hizi nina maswali mawili tu: anakuachisha dawa za hospitali? Anakutajia mchawi wako?

Yule wa Kisarawe hakumtaja mtu. Angetaja jina la jirani, na sisi wote tulivyokuwa na hasira ya msiba ule, sijui kungekucha vipi.

Shangazi sasa anauza vitumbua Gerezani. Asubuhi anameza vidonge vyake vya presha, Alhamisi jioni anachoma ubani. Rafiki yangu bado anaulizia nauli ya Lima.