Shahada Pekee Haimfunzi Mtu Kazi ya Bodi

Jioni moja, si kitambo, nilikuwa nimeketi kwenye ukuta wa mawe pale Mama Ngina, mibuyu ikiwa nyuma yangu na mbele yangu mlango wa bahari ambamo meli hupita kwenda Kilindini. Mkononi nilikuwa na kipande cha muhogo wa kuchoma uliotiwa ndimu na pilipili. Akanijia kijana mmoja niliyemsomesha miaka mingi iliyopita, akanipa mkono kwa adabu na kuketi kando yangu. Siku hizi ni mhasibu, tena mhasibu aliyehitimu barabara na ambaye sahihi yake inaaminika.

"Mwalimu," akaniambia, "nimeteuliwa kuwa mjumbe wa bodi ya kituo cha watoto mayatima. Nimekwisha kukubali. Sasa nimekuja kukuuliza, kazi yenyewe ni ipi?"

Nilitaka kucheka, lakini kicheko kikanikwama. Swali hilo nililipaswa kuliuliza mimi mwenyewe zamani, na kwa kutoliuliza kwangu kuna watoto walioumia.

Nitaeleza. Niliwahi kuwa katika bodi ya kituo kama hicho, ambacho sitakitaja. Tulikuwa watu wa kuheshimika: wakili, daktari, mtu wa benki, mfanyabiashara, na mimi mwalimu. Tulikutana kila baada ya miezi mitatu, tukanywa chai, tukasomewa kumbukumbu za mkutano uliopita na kuzithibitisha. Nakumbuka mkutano mmoja ambao tulijadili rangi ya lango kwa muda wa saa nzima, kila mtu na rangi yake, kisha tukaipitisha bajeti ya mwaka mzima kwa dakika kumi kwa kuwa magharibi ilikuwa imekaribia.

Mle ndani ya hesabu mlikuwa na fedha zilizotolewa na mfadhili kwa jambo moja tu, nalo ni karo ya watoto wa sekondari. Mwaka huo mishahara ya wafanyakazi ilipungua. Meneja wa kituo, ambaye hakuwa mwizi hata kidogo, alizichukua fedha za karo akailipa mishahara, akitumaini kuzirudisha. Hazikurudi. Mfadhili alipotaka maelezo hakuna aliyekuwa nayo, akafunga mkono wake. Muhula wa kwanza ulipofunguliwa, watoto kumi na mmoja walibaki kituoni wakifagia ua huku wenzao wakienda shule.

Tulipokutana kwa dharura, wakili alisema alidhani mtu wa benki ameziangalia hesabu. Mtu wa benki akasema alidhani wakili ameyasoma masharti ya msaada. Daktari alikuwa hajahudhuria mikutano miwili. Nami, nikiri mbele yenu wasomaji, niliuona ule mstari katika karatasi za hesabu na ukanitatiza, lakini niliona haya kuuliza, nisije nikaonekana mwalimu asiyejua kusoma hesabu. Haya yangu iliwagharimu watoto wale muhula mzima.

Tangu siku hiyo nimeshikilia rai moja, nayo ndiyo inayonifanya nishike kalamu leo. Tumezoea kuamini kwamba mtu aliyesoma taaluma yake akaijua sawasawa, basi ameijua na kazi ya kusimamia shirika la hisani. Sivyo. Kila taaluma huja bodini na mazoea yake, na mazoea hayo aghalabu huwa kikwazo. Mhasibu wa biashara amezoea kuitazama faida ili ajue kama mambo yanakwenda vyema. Katika kituo cha mayatima salio nono benki laweza kumaanisha kwamba watoto hawakununuliwa magodoro. Wakili amezoea kumtetea anayemlipa, na bodini hakuna anayemlipa. Anayestahili kutetewa ni mtoto asiyehudhuria mkutano. Nasi walimu tumezoea kuamrisha. Tukikalia kiti cha bodi twaingia jikoni kumfundisha mpishi kupika wali, ilhali kazi yetu ni kuhakikisha kwamba mchele umenunuliwa kwa bei ya haki na umewafikia walengwa.

Wakati tukizungumza, meli ya makasha ilikuwa ikiingia polepole, imetanguliwa na mashua ndogo. Nilimwonyesha yule kijana. Nahodha wa meli ile amevuka bahari kuu, amekabiliana na tufani, na vyeti vyake vimejaa kabati. Hata hivyo, afikapo nje ya mlango huu humpokea rubani wa bandari, kwa sababu kuijua bahari ni elimu moja na kuyajua maji ya Kilindini ni nyingine. (Vijana wengi hudhani rubani ni wa ndege tu, neno hilo lilikuwa la vyombo vya baharini kabla ndege hazijaruka.) Nahodha haoni kwamba kumpokea rubani kumemvunjia heshima. Basi kwa nini msomi aone amevunjiwa heshima akiambiwa ajifunze kazi ya bodi?

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Ulaya yasiyo na mizizi kwetu. Nawaomba watazame hapa hapa Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa Pwani walimwomba Aga Khan awasaidie ili watoto wao wasiachwe nyuma kielimu. Mwaka 1986 mpango wa shule za chekechea za madrasa ukaanza hapa kwa majaribio, na aliyeushika kwa mikono yake miwili ni mwalimu wa hapa hapa, Bi Swafiya Said. Watu wengi wanaukumbuka mpango huo kwa jinsi ulivyowafunza walimu kusomesha kwa vifaa vilivyookotwa mazingirani. Mimi naukumbuka kwa jambo jingine. Kijiji kilichotaka shule kilitakiwa kwanza kichague kamati yake, kisha kamati hiyo nayo ifunzwe, sambamba na walimu, kwa muda wa miaka miwili hivi: kuweka daftari, kuitisha mkutano, kuwaeleza wazazi fedha zao zimekwenda wapi. Mwisho wa muda huo shule ilihitimu, na kamati yake ikahitimu pamoja nayo. Mpango ulivuka ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na baadaye shule zikazidi 200 katika nchi hizo tatu.

Hebu tafakari, msomaji. Mama wa kijijini, ambaye huenda hakumaliza darasa la saba, alifunzwa miaka miwili kabla ya kuachiwa chekechea ya chumba kimoja. Mwenye shahada mbili anakabidhiwa kituo chenye watoto wengi na mamilioni ya shilingi baada ya kupigiwa simu moja tu: "Tumekuweka katika bodi yetu, bwana, tafadhali usitukatalie."

Sheria nazo hazikulala. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 inamtaka mkurugenzi awe na uangalifu na ajiepushe na mgongano wa maslahi, na mashirika mengi ya hisani yamesajiliwa chini yake kama kampuni zisizo na hisa. Ile ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilipitishwa mwaka 2013, ikakaa kabatini zaidi ya miaka 10, na ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Kwa hivyo anayesema "mimi nilikuwa mjumbe wa heshima tu" ajue kwamba heshima hiyo ina mzigo wa sheria juu yake.

Tena tusidhani kwamba hatari ni wezi peke yao. Huko London kulikuwa na shirika la kuwahudumia watoto lililoitwa Kids Company, lililoanzishwa mwaka 1996 na kusifiwa na wakubwa wa serikali. Wadhamini wake walikuwa watu wenye majina na vyeo. Mwezi Agosti 2015 lilifungwa ghafla, na watoto waliolitegemea wakakuta milango imekazwa. Kamati ya Bunge iliwalaumu wadhamini vikali mwaka 2016. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikakataa ombi la kuwapiga marufuku kuongoza makampuni. Hawakuwa wezi. Hata hivyo, mlango ulikuwa umekwisha kufungwa.

Ni mafunzo gani basi ninayoyadai? Nayaogopa sana yale ya hoteli ya ufuoni, ya siku tatu, yenye begi la zawadi na posho, ambayo mtu hurudi nayo cheti na shati. Ninayoyataka yanaweza kufanyika Jumamosi moja katika darasa tupu. Wajumbe wapya waletewe katiba ya shirika lao wenyewe, hesabu zao za miaka mitatu, na barua za wafadhili zenye masharti. Mhasibu mstaafu akae nao, na kila mmoja, daktari na wakili na shehe na padri, atakiwe kueleza kwa kinywa chake ni fedha zipi ziko huru na zipi zimefungwa kwa kazi maalumu. Asiyeweza arudie. Kisha wazoezwe jambo gumu kuliko hesabu, ambalo ni kuuliza swali linaloonekana la kijinga mbele ya watu wanaokuheshimu. Sisi wa Pwani tumelelewa tusimwaibishe mtu hadharani, na hiyo ni adabu njema. Lakini bodini yapasa tujifunze kuuliza bila kutuhumu, na kuulizwa bila kununa.

Hapa nawageukia ninyi walimu wenzangu. Msikiti ukitaka katibu wa madrasa humtafuta mwalimu. Chama cha mtaa kikitaka mweka hazina, vivyo hivyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imempa mwakilishi wa walimu kiti katika bodi ya usimamizi wa shule, na mwakilishi wa baraza la wanafunzi naye anaruhusiwa kuketi humo. Taasisi ya KEMI, iliyoanza mwaka 1981 kwa jina la KESI, hutoa mafunzo kwa wakuu wa shule na bodi zao. Sharti ambalo mimi ningeliweka ni kwamba mafunzo yatangulie kikao cha kwanza, yasiwe tiba inayoletwa baada ya ugonjwa.

Nanyi wanafunzi msingoje kuzeeka. Katika chama cha Kiswahili, katika klabu ya mazingira, mna fedha kidogo, mna mwenyekiti, mna daftari. Ulizeni mia mbili za ada zilikwenda wapi. Andikeni kumbukumbu ambazo mtu asiyehudhuria ataweza kuzisoma akaelewa nani alikubali nini. Ikiwa mwenyekiti ananunua maji ya mkutano katika duka la mjomba wake, na aseme hivyo mbele ya watu kabla ya kununua, halafu asishiriki kupiga kura.

Jua lilikuwa limekwisha kuzama na wauza madafu wakikusanya vifuu vyao. Yule kijana aliniuliza kama ajiuzulu. Nikamwambia la, mwanangu, kituo kinakuhitaji. Lakini kabla hujaketi, omba vitu vitatu kwa maandishi: katiba, hesabu zilizokaguliwa, na masharti ya kila mfadhili. Ukivipata, kaa navyo wiki moja. Ukinyimwa, rudi tuzungumze.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Katiba amepewa, na masharti ya wafadhili wawili kati ya watatu. Hesabu ameambiwa angoje mkutano ujao, naye amewajibu kwamba atangoja nje.