Dume Akiwa Mzuri, Ndiyo Sababu Zaidi ya Kumwondoa



Karibu kila mkutano wa kikundi naulizwa: "Mtaalamu, dume wetu tunamjua, binti zake wana maziwa, kwa nini unatuambia tumtoe?" Jibu langu huwa haliwafurahishi watu. Leo nalieleza kwa urefu, maana hata mimi zamani sikulitilia maanani.

Tuanze na maziwa yenyewe. Rangi ya ng'ombe, mweusi au mwekundu, huamuliwa zaidi na jeni moja. Maziwa siyo hivyo. Yanatokana na jeni nyingi sana, kila moja ikichangia kidogo, kama kina mama wanavyochangishana kwenye kikundi: hakuna mmoja aliyetoa fungu kubwa, lakini mwisho wa mwezi sanduku limejaa. Juu ya hapo kuna majani, pumba, maji na dawa ya kupe. Ng'ombe wa kundi moja wakitofautiana maziwa, kiasi cha robo hadi theluthi ya tofauti hiyo ni ya kurithi. Inayobaki inatoka bandani kwako.

Kwenye uzazi, yaani kushika mimba na kuifikisha mwisho, sehemu ya kurithi ni ndogo zaidi, haifiki hata moja ya kumi. Ndiyo maana wafugaji wengi, na wataalamu pia, husema uzazi ni lishe na magonjwa tu. Hapo ndipo tunapokosea.

Pamoja na zile jeni nyingi za kawaida, kila ng'ombe amebeba hitilafu chache ambazo ni adimu. Hata wewe na mimi tunazo. Ni adimu kwa sababu zinadhuru: mnyama aliyeathirika anakufa au hazai, hivyo hazienei. Ukihesabu nchi nzima huzioni. Lakini katika ukoo mmoja, hitilafu moja ya namna hiyo inaweza kuwa na nguvu kuliko mamia ya jeni za kawaida. Nyingi hujificha. Mnyama aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja ni mzima kabisa, ananona, anakamuliwa. Tatizo huanza pale ndama anapoipata kwa baba na kwa mama.

Je, kitu adimu kinawezaje kuwa cha kawaida? Kwa kupitia dume anayependwa.

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa Marekani. Mwaka 1962 alizaliwa dume wa Holstein aliyeitwa Pawnee Farm Arlinda Chief. Binti zake walikuwa na maziwa kweli kweli, na kwa kuwa mbegu zake zilitumika kwa uhimilishaji, alipata binti 16,000 na wajukuu majike wapatao 500,000. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa amebeba hitilafu kwenye jeni moja inayohitajika kiumbe kinapojengeka tumboni. Ndama aliyeirithi pande zote mbili hufia tumboni. Mwaka 2011 watafiti waliopima vinasaba vya maelfu ya Holstein waliona jambo la ajabu: kipande fulani cha ukoo wa Chief kilikuwepo kwa ng'ombe wengi, lakini hawakupata hata mmoja aliye hai mwenye nakala mbili. Baadaye ilikadiriwa kuwa hitilafu hiyo iliharibu mimba zipatazo 525,000 duniani, hasara ya dola milioni 420 hivi.

Kwa miaka yote hiyo wafugaji waliona tu ng'ombe ametupa mimba, wakalaumu chakula. Na kusema haki, Chief aliwaingizia fedha nyingi zaidi ya alizowapotezea, maana faida ya maziwa yake ilikadiriwa kuwa mabilioni ya dola. Dume mzuri na dume mwenye hitilafu walikuwa mnyama yule yule. Ukimtazama miguu, kiwele cha mama yake na upana wa mgongo, hutaiona.

Sasa turudi kwetu, kwenye dume mmoja wa kikundi. Tuseme amebeba hitilafu moja ya namna hiyo. Akipanda majike wasio ndugu zake, karibu hakuna madhara, na nyote mnamsifu. Nusu ya binti zake wanaichukua. Akiwapanda binti hao, mimba moja katika kila nne za wale walioibeba inaharibika. Ukichanganya binti wote, ni mimba moja katika nane. Tena hiyo ni hitilafu moja tu, naye anaweza kuwa nazo kadhaa. Mimba ikifa mapema hata hutajua. Utasema mtamba hajashika, karudia joto, na utakuwa umelisha miezi mitatu bure.

Niliwahi kumwacha dume akae kijiji kimoja miaka mitano. Alikuwa mpole, binti zake wakikamuliwa vizuri, nami nikawa namtembezea wageni kumwonyesha. Mwaka wa nne mitamba ikaanza kurudia joto, wawili wakatupa. Tukapima brusela, haikuwemo. Mama mmoja mjane aliuza mtamba wake kwa bei ya nyama kwa sababu jirani walimwambia ana mkosi. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa hitilafu ya dume, lakini nilipofungua daftari nilikuta baba wa mtamba na baba wa mimba ni dume yule yule. Daftari hilo nililijaza kwa mkono wangu, na sikulisoma.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: hesabu miaka miwili tangu dume alipopanda jike wa kwanza, kisha aondoke. Mimba ni miezi tisa, na mtamba aliyelishwa vizuri huonyesha joto akiwa na mwaka na kidogo, kwa hiyo baada ya hapo binti zake wanamsubiri. Badilishaneni na kijiji kingine. Msimrithishe mwanawe kazi, hilo ni lile lile. Anayetumia uhimilishaji naye asijione salama: mrija una namba ya dume, iandike, na mwonyeshe mhimilishaji ukoo wa mtamba kabla hajachagua.

Ng'ombe akitupa mimba, bado kapime magonjwa kwanza, na usishike kondo la nyuma kwa mikono mitupu.

Wafanyabiashara, mnauza mitamba kwa rangi na kwa "damu asilimia fulani". Mnunuzi akikuuliza baba yake ni nani, mwambie. Kama hujui, mpigie aliyekuuzia kabla mtamba hajapanda gari, kwa sababu huko anakokwenda huenda baba yake ndiye anayemsubiri.

Najua kusafirisha dume ni gharama. Vikundi viwili vikikubaliana siku moja, gari linakwenda na dume mmoja na kurudi na mwingine. Wapimwe brusela wote wawili kabla ya safari, na daftari la kila dume liende naye.