Dokta, mwanangu achezee wapi?

Hivi karibuni mama mmoja alikuja kliniki na mwanawe wa miaka tisa. Uzito wa mtoto ulikuwa umezidi, na akipanda ngazi anahema. Vipimo havikuonyesha ugonjwa wowote. Nikamshauri mama apunguze soda na chipsi, na mtoto akirudi shule acheze nje angalau saa moja kila siku. Akanitazama, kisha akasema: “Dokta, sisi tunakaa Tandale. Achezee wapi? Njiani ni bodaboda, uani ni majiko na nguo za wapangaji.”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemwandikia dawa isiyopatikana mtaani kwake.

Ndugu msomaji, ushauri wenyewe ni sahihi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuuchangamsha mwili kila siku, na watu wazima angalau dakika 150 kwa wiki. Hiyo ni kinga dhidi ya shinikizo la damu, kisukari na magonjwa ya moyo. Kuna faida nyingine ambayo wazazi wengi hawaijui: mtoto anayekaa nje mchana kwa muda wa kutosha hupunguza uwezekano wa kushindwa kuona vizuri vitu vya mbali.

Lakini nafasi ya kucheza haijagawanywa sawa. Wakati wa ukoloni, Dar es Salaam ilipangwa kwa rangi ya watu. Uzunguni kulipewa viwanja vikubwa, miti na upepo wa bahari. Mnazi Mmoja paliachwa wazi ili kuitenga Kariakoo ya Waafrika na mitaa mingine ya mji, na sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa afya. Afya ya nani, unaweza kujijibu. Ubaguzi ule ulikwisha, ila ramani yake bado inaonekana. Pita Oysterbay uone vivuli, kisha pita Manzese. Na penye maeneo ya wazi, mengine yamegeuzwa gereji, baa, maegesho au fremu za maduka.

Sasa kuna mradi wa Bonde la Msimbazi, unaokusudia pia kuweka bustani kubwa ya jiji upande wa Jangwani. Ni jambo jema. Hata hivyo, maswali ya kuuliza ni mapema: kuingia kutakuwa kwa kiingilio? Kiti cha magurudumu kitapita? Binti wa miaka 13 atakuwa salama jioni, au viwanja vyote vitakuwa vya mpira wa wavulana?

Tena bustani moja kubwa haitoshi. Ofisi ya WHO ya Ulaya inapendekeza kila mkazi awe na eneo la kijani la angalau nusu hekta ndani ya mita 300 kutoka nyumbani, yaani mwendo wa kama dakika tano kwa miguu. Mtoto huhitaji kucheza kila siku, na mzazi hawezi kulipa nauli kila siku.

Ufanye nini? Nenda ofisi ya serikali ya mtaa uulize ramani ya mipangomiji inaonyesha maeneo gani ya wazi, kisha lizungumzieni kwenye mkutano wa mtaa kabla ukuta haujajengwa. Ukuta ukishasimama, kuubomoa ni kesi ya miaka. Ombeni shule ya jirani ifungue uwanja wake Jumamosi, wazazi mkipeana zamu ya kusimamia. Nyumbani, kamba ya kuruka, rede na kutembea kwenda shule vinasaidia.

Mtoto mwenye pumu au selimundu naye acheze, lakini kwa ushauri wa daktari wake. Mwenye selimundu anywe maji ya kutosha na apumzike mara kwa mara. Akipata maumivu ya kifua, akizimia au akishindwa kupumua, mwahishe hospitali.

Mama yule atarudi mwezi ujao. Tumekubaliana aanze na kamba, na kwamba atakwenda na majirani zake kumuona mwenyekiti wa mtaa. Kwenye mizani nitampima mtoto, lakini swali la kwanza nitakalomuuliza mama ni mwenyekiti amejibu nini.