Kimpumu ina jina lake

Na Ambakisye Mwaisaka

Karibu na Santiago, mashariki mwa Kuba, kuna kijiji cha pwani kiitwacho Daiquirí. Kilikuwa na machimbo ya chuma, na Juni 1898 majeshi ya Marekani yaliteremka hapo kupigana na Wahispania. Vita hiyo siku hizi wanaizungumza wasomi. Jina la kijiji, hata hivyo, halimpigi chenga mhudumu wa baa yoyote kubwa duniani, maana ramu iliyochanganywa na ndimu na sukari ndiyo inayoitwa hivyo. Ile ya ramu, kola na ndimu ikapewa wito wa wapigania uhuru wa nchi hiyo: Cuba Libre, Kuba Huru. Mwingereza anaiagiza kwa Kihispania hichohicho.

Sasa njoo Tukuyu, wilayani Rungwe. Mgeni ametoka kupanda mlima Ngozi kuliona ziwa, ameshuka Kiwira kwenye Daraja la Mungu, amekaa mezani anaulizia kinywaji cha hapa. Anaambiwa ipo "pombe ya kienyeji", huko vilabuni, na anayemjibu anashusha sauti. Jambo hili linaniuma. Hata Konyagi yetu, inayotokana na miwa kama ramu, ilikwenda kuazima jina la mji wa Ufaransa unaosifika kwa brandi ya zabibu. Kimpumu, pombe hiyo ya kienyeji, haikuazima kwa mtu.

Kimpumu ni ulezi. Unaoteshwa kimea, unasagwa, unachachuka. Wakati wa kunywa unatiwa chomboni, unamiminiwa maji ya moto, na watu wanafyonza kwa mirija yenye kichujio mwishoni ili makapi yabaki chini. Maji yakipungua, yanaongezwa mengine. Ukiwa na pupa utaungua ulimi, kwa hiyo mazungumzo yanapata nafasi yake. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwetu Wanyakyusa miaka ya 1930, alikiita kitabu chake cha mwaka 1951 *Good Company*. Alikuwa anaueleza ukwangala, ile raha ya watu kukaa pamoja, kula, kunywa na kuzungumza, ambayo wazee wetu waliihesabu kuwa ndiyo shule ya utu uzima.

Simpigii debe mlevi. Viroba, vile vipakiti vya pombe kali, vilipopigwa marufuku Machi 1, 2017, niliunga mkono, na leo bado naunga mkono. Ninachokitetea ni kazi ya mama anayeamka alfajiri kuukagua ulezi wake, kisha anauza kwa bei ya chini kwa kuwa alichokipika hakihesabiwi kuwa bidhaa.

Wenye hoteli wa Tukuyu, andikeni kimpumu kwenye orodha zenu kwa jina lake, mnunue kwa hao akina mama kwa bei ya haki. Nanyi halmashauri ya Rungwe, waiteni SIDO, wa viwanda vidogo, na TBS, wa viwango, wakae na wapishi hao juu ya usafi, vyombo na vipimo. Ulezi upo, maji yapo, wajuzi wapo. Msingoje mgeni aje kutuandikia.