Kipimo Kimoja Hakitoshi
Katika karne ya 19 misafara kutoka pwani ilipita Tura kuelekea Tabora, ikichukua magobori na baruti. Bunduki ya namna hiyo yafundisha kanuni ambayo shule hazina budi kuitilia mkazo: chombo kisirekebishwe kwa kipimo kimoja.

Risasi zikipiga juu daima, alama ya kulengea iliyo mdomoni mwa mtutu huongezwa urefu. Mlengaji huinamisha mtutu, na risasi hushuka. Lakini baruti isiposhindiliwa kwa kiasi kilekile, risasi hutawanyika, na kurekebisha alama ni kazi bure.

Vivyo hivyo katika maabara: mwanafunzi arudie kipimo kwanza. Anayegeuza mizani ili ilingane na jibu la kitabu hapimi, anajidanganya.