Mchezo wa pili unaweza kuwa mzuri, lakini msilipe kabla ya kuona

LUBUMBASHI, Golf. – Jioni, umeme wa SNEL ukirudi baada ya delestaji, vyumba vya mchezo katika kartiye Golf vinajaa upesi. Vijana wanabanana kwenye benchi, maneti mbili zinapita mkono kwa mkono, na kelele zinafika hadi barabarani. Lakini ubishi unaochukua muda mrefu siku hizi hauhusu nani amefunga nani. Ni huu: mchezo wa video uliotoka mbaya mara ya kwanza, je, wa pili unaweza kuwa mzuri? Ao ni makuta tu yanatafutwa?

Kuna kambi mbili. Ya wazazi inasema kilichozaliwa kibaya kitakua kibaya. "Papa, walikudanganya mara moja, sasa unataka wakudanganye tena?" mama mmoja alimuuliza mtoto wake mlangoni, mbele ya wenzake wote, na mtoto akakosa jibu. Kambi ya vijana inasema kipya ni kipya, namba ikipanda mchezo nao umepanda. Kambi zote mbili zimekosea, na makosa yao yanalipwa na mfuko mmoja, ule wa mama anayeuza ndizi na makala asubuhi mpaka jioni.

Waanze wazazi. Mwaka 1987 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mchezo wa ngumi unaoitwa Street Fighter. Mchezaji hakuwa na uchaguzi: alikuwa Ryu, na mwenzake akiingia alipewa Ken, basi. Mapigo makali yalikuwa magumu kuyatoa hata kwa mtu mwenye vidole vyepesi. Ungeweza kusema mchezo huo hauna kesho. Mwaka 1991 ukatoka wa pili, wenye wapiganaji wanane wa kuchagua, kila mmoja na mwendo wake na mbinu zake, na vidole vikaanza kutii. Dunia nzima iliucheza. Leo kuna watu wanaoujua Street Fighter tangu utoto na hawajui hata kama kulikuwa na wa kwanza.

Assassin's Creed ilikuwa vilevile. Wa mwaka 2007 ulikuwa na mji mzuri wa kupanda kuta zake, lakini kazi zilikuwa zilezile: sikiliza kwa siri, iba barua, fuata mtu, ua, anza tena. Watu walichoka. Wa mwaka 2009 ukahamia Italia, ukapewa mtu mwenye jamaa, uchungu na sababu, na kazi zikabadilika. Waliotupa wa kwanza walirudi.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wakaaji wa Katanga, ambao mababu zao waliyeyusha shaba na kumimina misalaba kabla ya kampuni yoyote kufika hapa, hawahitaji kufundishwa hilo. Mzazi anayesema kibaya hakizai kizuri hajatazama vizuri. Tena kile kibaya kina faida ambayo kizuri hakina: kila mtu ameona kinapovuja, na fundi akitaka kuziba anajua tundu liko wapi.

Sasa vijana nao wasicheke mapema. PES 2013, ambao bado unapigwa katika vyumba vingi vya Afrika, uliacha watu wakiwa na furaha. Mwaka uliofuata Konami wakabadilisha injini ya ndani na kutoa PES 2014. Namba ilipanda, mchezo ukashuka. Mambo waliyoyazoea wachezaji yalikuwa yameondolewa, hata mvua uwanjani. Mtu wa Lubumbashi, anayejua mvua ya Januari inavyoufanya uwanja wa udongo, anaweza kucheka: mpira usionyeshewa na mvua ni mpira gani? PES 2015 ukarekebisha sehemu kubwa ya makosa, na katika PES 2016 mvua ikarudi, tena ikaweza kuanza katikati ya mechi. Kampuni ni moja na jina ni moja. Katika miaka mitatu iliharibu kizuri, kisha ikatengeneza kibaya. Anayenunua kwa kusoma namba kwenye karatasi ya diski atatuambia alikuwa anasoma nini.

Na karatasi yenyewe! Diski za zamani zinauzwa zikiwa na sura ya mchezaji wa mwaka huu na namba ya mwaka huu, na ndani umo PES uleule wa PlayStation 2. Hapa inafaa kutenganisha watu wawili. Kuna vijana wanaokaa usiku kucha kubadilisha majina, jezi na vikosi ili mchezo mzee ufuate msimu mpya, na wengine wanafanya hivyo kwenye simu kwa programu ya PPSSPP. Hao wanastahili heshima. Tangu zamani PES unamruhusu mchezaji kuandika jina la timu mwenyewe na kuchagua rangi za jezi, kwa hiyo mtoto wa Golf anaweza kuitengeneza TP Mazembe yake, nyeusi na nyeupe, akaipeleka kucheza na Barcelona. Kazi hiyo ni halali kwa moyo wa mchezaji. Lakini yule anayeuza diski hiyo na kumwambia mtoto "huu ni mpya kabisa" anajua anachofanya. Majina yamebadilika, mifupa ni ileile. Kipa anayetoka vibaya mwaka 2013 atatoka vibaya hata ukimpa jina la kipa wa leo.

Jambo zito zaidi ni lile la eFootball. Konami walilitupa jina la PES, wakatangaza mchezo mpya wa bure, na tarehe 30 Septemba 2021 ukatoka ukiwa na klabu tisa tu. Sura za wachezaji zilikuwa za kutisha, watu walizipiga picha na kuzisambaza kwa kucheka. Wachezaji walipitana kama mizimu. Kwenye duka la Steam ukashuka kuwa kati ya michezo iliyochukiwa kuliko yote. Kampuni ikaomba radhi hadharani, na toleo lililosimama kwa miguu yake likaja Aprili 2022, zaidi ya miezi sita baadaye.

Wengine katika vyumba vya mchezo wanasema: "Yaya, ulikuwa wa bure, mbona mnalia?" Bure kwa nani? Mega zinanunuliwa. Mchezo ukipakuliwa, kisha ukarekebishwa, kisha ukarekebishwa tena, kila mara mega zinaondoka, na simu inayojaa inadai simu nyingine. Kongo inatoa sehemu kubwa kuliko nchi zote ya kobalti inayochimbwa duniani, na kobalti hiyo inaingia katika betri za simu. Inatoka katika udongo wa Kolwezi na Likasi, kisha inarudi Lubumbashi ndani ya simu ambayo mtoto hawezi kuinunua. Hilo lingehitaji makala yake peke yake, lakini lisemwe hapa pia.

Kutengeneza kilichouzwa kimevunjika na kutoa mchezo wa pili ni vitu viwili. Ukimpelekea mshonaji kitambaa, akakosea mguu mmoja wa suruali, hakuuzii suruali ya pili iliyo sawa. Anaifumua ile na kuishona upya, kwa gharama yake. Mchezo wa No Man's Sky ulitoka Agosti 2016 bila mengi yaliyoahidiwa, na waliokuwa wamelipa walikasirika kwa haki. Watengenezaji walirudi kimya na kuongeza mwaka baada ya mwaka bila kuwadai wanunuzi wale makuta mengine. Cyberpunk 2077 ulitoka tarehe 10 Desemba 2020 ukiwa mbovu kwenye PlayStation 4 kiasi kwamba Sony waliuondoa dukani mwao siku chache baadaye na kuwarudishia watu mali yao. Ulitengenezwa kwa miaka, na mwaka 2023 watu walianza kuusifu. Aliyesubiri aliupata mzuri. Aliyenunua siku ya kwanza alilipa ili awe mjaribu wa bidhaa ya mtu mwingine, na kazi hiyo kwa kawaida ndiyo inayolipwa mshahara.

Kwa hiyo kampuni inapotoa mchezo wa pili ambao kazi yake ni kutimiza ahadi za wa kwanza, swali la kuwa ni bora ao si bora linakuja nyuma. La kwanza ni kwa nini mteja yuleyule alipe mara mbili kwa ahadi moja. Wapenzi wa michezo hawapendi kulisikia hili kwa sababu wanafurahi mno kuona hatimaye mpira unadunda vizuri. Wafurahi, lakini wahesabu.

Hesabu yenyewe kwa Golf si ya diski peke yake. PlayStation 2, iliyoanza kuuzwa mwaka 2000 na kununuliwa zaidi ya mara milioni 150 duniani, iliagwa mwaka 2013: PES 2014 na FIFA 14 ndizo zilikuwa za mwisho kwake. Tangu hapo, kila mchezo wa pili, wa tatu na wa nne umekuwa nyuma ya ukuta wa mashine mpya. Tangu Septemba 2023 hata jina la FIFA limeondoka, mchezo unaitwa EA Sports FC. Mwenye chumba cha mchezo anayebadilisha mashine lazima apandishe bei ya mechi. Watoto wenye jamaa za kawaida wanaanza kutazama badala ya kucheza.

Na kati ya wanaotazama siku hizi wapo wageni. Tangu vita ilipoingia Goma mnamo Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, kuna jamaa zilizokimbia mpaka huku Lubumbashi, wengine kwa ndugu, wengine kwa nyumba za kupanga wanazozilipa kwa shida. Mtoto aliyetoka Bukavu hajui njia za Golf, lakini akishika maneti anajulikana kabla hajataja jina lake. Kadi iliyohifadhi timu yake aliiacha nyumbani pamoja na vingine vyote. Mchezo mpya una wema mmoja kwake ambao watengenezaji hawakuufikiria: watu wote wanaanza kwenye sifuri, mwenyeji na mgeni. Ndiyo maana haifai kumwambia mzazi wa kambi ya kwanza kwamba ubishi huu ni wa kitoto. Mtoto huyo akifukuzwa na bei, atakwenda wapi jioni?

Wazazi hao wangependa kumjua Lual Mayen. Wazazi wake walikimbia vita ya Sudan, naye alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Alipoomba kompyuta, mama yake aliweka akiba miaka mitatu mpaka ikafika dola 300. Kijana alijifundisha mwenyewe na kutengeneza mchezo wa simu alioupa jina Salaam. Ulikuwa mdogo, wa kijana asiye na mwalimu wala umeme wa kutegemea. Baadaye alifika Marekani, akaanzisha kampuni ya Junub Games na kuufanyia Salaam kazi upya: mchezaji anakuwa mkimbizi, anakimbia, anahitaji maji, chakula na dawa ili aendelee kuishi. Mwaka 2018 alitunukiwa heshima kwenye sherehe za The Game Awards. Mayen hakuficha toleo la kwanza wala hakulipaka rangi. Alilifumua.

Kampuni zenye mamilioni zina nafasi ya kukosea mara tatu na bado zikatoa wa nne. Mtengenezaji wa Kampala, Nairobi ao Lubumbashi anapata nafasi moja, na watu wakiudharau mchezo wake wa kwanza hapati makuta ya wa pili. Wale wanaotema mate juu ya kila mchezo wa Kiafrika ambao picha zake hazifanani na za Japani, huku wakiwasamehe Wajapani sura za mizimu, wajiulize wanatumia mizani gani.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mchezo mpya ukitangazwa kwa filamu ndefu na nyimbo, bila kumwonyesha mtu akicheza dakika kumi mfululizo, ujue kuna kinachofichwa. Subiri mwezi. Wasikilize waliolipa, hasa waliouchukia wa kwanza, na waulize kosa lililowaudhi limekwenda wapi. Wakijibu kwa kusifu rangi za nyasi, hawajajibu.

Katika chumba kimoja cha Golf mwenye nyumba ameanza kufanya hivi: mchezo mpya ukifika anauwasha kwanza bila kumtoza mtu, wote wanatazama mechi moja, kisha wanapiga kura kama unastahili bei mpya ao diski ya zamani irudi. Wa mwisho ulishindwa, kura nyingi sana. Kijana aliyetoka Bukavu ndiye alikuwa wa kwanza kuinua mkono, akasema kipa bado anatoka vibaya.