Bajeti Kubwa Ndiyo Ugonjwa Wenyewe

Kila nikiandika kuhusu gemu, kuna mdau atanijibu kwamba Bongo hatuna gemu la maana kwa sababu hatuna bajeti. Eti tusubiri mpaka tupate mamilioni ya dola kama wenzetu. Leo nakataa.

Hao wenzetu wenyewe hali zao zikoje? Nyaraka zilizovuja Desemba 2023 zilionyesha kwamba Spider-Man 2 lilikula takribani dola milioni 300. Mwaka uliofuata Sony wakatoa Concord, kazi ya miaka mingi: likaingia sokoni Agosti 23, likazimwa Septemba 6. Wiki mbili, jamani! Wateja wakarudishiwa hela, na Oktoba studio yenyewe ikafungwa. Januari mwaka huohuo Microsoft walikuwa wametangaza kupunguza watu 1,900 upande wa gemu. Gemu likishameza hela kiasi hicho, mwenye mfuko hathubutu jambo jipya. Anarudia kilichouza jana, anaongeza nyasi zinazoyumba vizuri zaidi. Likianguka, wanaofukuzwa ni waliochora hizo nyasi.

Sasa njoo Kariakoo. Kibandani kwetu, nyuma ya maduka ya simu ya Mtaa wa Aggrey, mechi moja ni shilingi 500. Pedi zimefungwa kwa soloteipu, feni inapiga kelele, na watu bado wanapanga foleni kucheza FIFA (jina lilibadilishwa 2023, nani anajali) na San Andreas la mwaka 2004. Sijasikia mtu akilalamikia nyasi. Wanamlalamikia asiyetaka kuachia pedi. Gemu jipya la dola 70 ni zaidi ya laki moja na nusu, na hata ukiwa nazo, ukifungua akaunti ya PlayStation, Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi. Tunadanganya kwamba tunaishi Marekani ili turuhusiwe kutoa hela yetu!

Halafu kuna Tales of Kenzera: Zau. Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, alilibuni kutokana na msiba wa baba yake. Zau ni mganga kijana anayeingia mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili baba yake arudi. Lilitoka Aprili 2024 kwa kama dola 20, na unaweza kulicheza wahusika wakiongea Kiswahili. Kiswahili! Miezi mitatu baadaye studio yake ikaanza kupunguza watu.

Hapa nawakasirikia wadau, na mimi nikiwemo. Nililishabikia kwenye simu, nikalisambaza kwenye magrupu, sikulinunua. Miaka yote tunahesabu siku za GTA VI, ambalo halijui kama tupo. Lililoongea lugha yetu tukalipa laiki tu, basi.

Nimelicheza juzi, kwa rafiki yangu Upanga. Si kamilifu: mapigano yanajirudia, na linaisha mapema. Lakini Zau alipomwita Baba, niliweka pedi chini kidogo. Mimi pia nimezika.

Jana nikamwomba mwenye kibanda aliweke. Akauliza, "Linachezwa na watu wawili?" Nikasema hapana, ni la mmoja. Akatazama foleni ya FIFA, akacheka.

Nitamwomba tena Jumamosi, na safari hii nitakuja na hela ya kulinunua.